Maumivu ya Kigimbi Njiani: Jinsi Zoezi la Kutembea Linavyojenga Misuli ya Mguu

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI WA MERU NA EMBU

Katika sehemu za Imenti, Igembe na Manyatta, njia nyingi hupanda na kushuka. Mkulima hubeba majani chai hadi kituo cha kununulia, mama hupanda kilima akitoka sokoni, na mzee hutembea hadi kanisani au kwenye baraza la chifu. Ndiyo maana mguu unapoanza kuuma njiani, maisha ya nyumba nzima hubadilika. Shamba la mbali huachwa, mikutano ya chama hukosekana, na mtu aliyezoea kujitegemea huanza kuagiza bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba hukutana na mazungumzo ya namna hii:

"Mzee, maumivu yanakushika wapi?"

"Hapa nyuma ya mguu, mwanangu, kwenye kigimbi. Nikifika kwenye kona ya kanisa yananishika."

"Na ukisimama?"

"Nikisimama kidogo yanaisha. Nikianza kupanda tena, yanarudi."

Wengi huita hali hiyo uzee, baridi au uchovu wa shamba. Lakini maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kupumzika yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa mishipa ya damu ya miguu. Somo hili linaeleza ugonjwa huo, unavyodhuru misuli, na sababu ya madaktari kuagiza kutembea kama sehemu ya tiba.

UGONJWA WENYEWE

Moyo husukuma damu yenye oksijeni kwenda mwilini kupitia mishipa iitwayo ateri. Kwa miaka mingi mafuta, chembechembe za damu na chokaa vinaweza kujikusanya ndani ya kuta za ateri hizo. Njia ya damu huwa nyembamba, kama bomba la maji la shambani lililojaa matope. Hali hiyo ikitokea kwenye moyo, huleta mshtuko wa moyo. Ikitokea kwenye mishipa ya kichwa, huleta kiharusi. Ikitokea kwenye ateri za miguu, misuli ya miguu hukosa damu ya kutosha.

Wataalamu wamekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 200 duniani wanaishi na ugonjwa huu. Afrika Mashariki haijasalimika. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa kisukari katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila watano alikuwa nao.

Walio katika hatari zaidi ni wavutaji wa sigara au tumbaku ya aina yoyote, wenye kisukari, wenye shinikizo la juu la damu, wenye kolesteroli nyingi, wenye ugonjwa wa figo, na watu waliopita miaka 50, hasa 65. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa hiyo hatari hii haiko mbali na boma lolote.

KUTOFAUTISHA NA MAUMIVU MENGINE

Si kila mguu unaouma una tatizo la damu. Maumivu ya goti lenye baridi yabisi huwa kwenye kiungo chenyewe, na mara nyingi huwa mabaya zaidi mtu anapoinuka baada ya kukaa. Maumivu yanayotokana na mishipa ya fahamu ya mgongo huteremka kutoka kiunoni hadi mguuni, na mgonjwa hupata nafuu akiketi au kuinama mbele. Kusimama tu hakumsaidii.

Maumivu ya kukosa damu yana tabia yake. Hushika misuli, mara nyingi kigimbi, na wakati mwingine paja au makalio. Huja baada ya umbali unaokaribia kuwa uleule kila siku, na huja mapema zaidi mtu akipanda mlima au akienda haraka. Mgonjwa akisimama, huisha ndani ya dakika chache, kwa kawaida zisizozidi kumi.

Hata hivyo, wapo wengi wenye ugonjwa huu ambao hawasikii maumivu hayo. Baadhi yao wamepunguza mwendo kidogo kidogo bila kujua, na wengine kisukari kimeua hisia za miguu. Ndiyo sababu kipimo kinahitajika.

KIPIMO

Kipimo cha kwanza hakihitaji sindano wala mashine kubwa. Mhudumu hupima shinikizo la damu kwenye mkono, kisha kwenye kifundo cha mguu, akitumia mkanda wa kupimia presha na kifaa kidogo cha dopla kinachosikiliza mwendo wa damu. Namba ya kifundo hugawanywa kwa namba ya mkono.

Kwa mfano, kama shinikizo la mkono ni 140 na la kifundo ni 98, basi 98 ikigawanywa kwa 140 hutoa 0.70. Jibu lililo kati ya 1.00 na 1.40 ni la kawaida. Jibu la 0.90 au chini yake huonyesha kwamba ateri za mguu zimekuwa nyembamba. Jibu linalozidi 1.40 huweza kutokea kwa mtu wa kisukari au mgonjwa wa figo ambaye ateri zake zimekuwa ngumu, na huyo huhitaji vipimo vingine.

KINACHOTOKEA NDANI YA MISULI

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba tatizo zima liko kwenye bomba: ateri imeziba, damu haipiti, mguu unauma. Uchunguzi wa vipande vidogo vya misuli vilivyotolewa kwenye vigimbi vya wagonjwa umeonyesha kwamba misuli yenyewe pia huharibika.

Mtu aliyeketi huhitaji damu kidogo tu miguuni, na hata ateri nyembamba huitosheleza. Anapotembea, misuli ya kigimbi huhitaji damu mara nyingi zaidi. Ateri iliyobanwa haiwezi kuongeza kiasi hicho. Misuli hulazimika kutengeneza nguvu bila oksijeni ya kutosha, taka za kazi hiyo hujikusanya, na neva hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo.

Mgonjwa anaposimama, damu hurudi. Lakini kukosa damu na kuipata tena, siku baada ya siku, huzalisha kemikali zinazochoma seli za misuli. Sehemu ya seli inayoathirika sana ni mitokondria. Mitokondria ni kama jiko la seli: humo sukari na mafuta huunguzwa kwa oksijeni ili kutoa nguvu. Jiko likiharibika, hata damu kidogo inayofika haitumiki vizuri.

Baada ya miezi na miaka, nyuzi za misuli hupungua na kusinyaa, mafuta huingia mahali pake, na neva zinazoziamuru huathirika. Kigimbi hupungua ukubwa na nguvu. Mgonjwa naye, kwa kuogopa maumivu, huacha kutembea, na misuli isiyotumika hudhoofika zaidi. Hapo mzunguko huanza: maumivu huleta kukaa, kukaa huleta udhaifu, na udhaifu huleta maumivu ya mapema zaidi.

ZOEZI LINAVYOBADILISHA HALI

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mazoezi humfanya mgonjwa atembee mbali zaidi ingawa ateri iliyoziba haifunguki. Mgonjwa aliyefanya mazoezi kwa miezi mitatu akipimwa tena, ile namba ya kifundo na mkono kwa kawaida hubadilika kidogo sana au haibadiliki. Nafuu hutoka mahali pengine.

Kwanza, kuta za mishipa ya damu huamka. Damu inapopita kwa kasi wakati wa zoezi, utando wa ndani wa mshipa hutoa naitriki oksaidi, ambayo hulegeza mshipa na kuupanua. Mshipa unaofanyishwa kazi hii mara kwa mara hujifunza kufunguka vizuri zaidi.

Pili, ndani ya misuli vijishipa vidogo sana viitwavyo kapilari huweza kuongezeka. Hivi ndivyo vinavyokabidhi oksijeni kwa seli. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulipata ongezeko la kapilari kwenye vigimbi vya wagonjwa baada ya wiki tatu tu za mazoezi, kabla hata uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haujaonekana kupanda.

Tatu, misuli hujifunza kutumia vizuri zaidi oksijeni inayoipata, na kiasi kilekile cha damu hufanya kazi kubwa zaidi.

Nne, mwendo wenyewe huwa mwepesi. Mgonjwa hupiga hatua zilizo sawa, hutumia nguvu kidogo kwa kila hatua, na moyo na mapafu hupata uzoefu. Hofu nayo hupungua, kwa sababu mtu amejionea kwamba maumivu huja na kuondoka bila kumwangusha.

USHAHIDI UNASEMAJE

Mwaka 1966 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la kwanza lililolinganisha wagonjwa waliofanya mazoezi na wasiofanya, na waliofanya walitembea mbali zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti nyingi pamoja. Walikuta kwamba, kwa wastani, umbali wa kutembea kabla maumivu hayajaanza uliongezeka zaidi ya mara mbili. Walionufaika zaidi ni waliotembea hadi karibu na kikomo cha maumivu, walioendelea kwa miezi sita au zaidi, na ambao zoezi lao kuu lilikuwa kutembea.

Jaribio jingine la Marekani, lenye wagonjwa 111 wenye kuziba kwa ateri za sehemu ya juu, lililinganisha dawa pekee, mazoezi yanayosimamiwa, na kupanua ateri kwa kuweka kijibomba cha waya. Baada ya miezi sita, muda wa kutembea kwenye mashine uliongezeka kwa dakika 5.8 kwa waliofanya mazoezi, dakika 3.7 kwa waliowekewa kijibomba, na dakika 1.2 kwa waliopewa dawa pekee. Waliowekewa kijibomba nao walisema hali yao ya maisha iliboreka sana, hivyo upasuaji una nafasi yake. Lakini matokeo hayo yalithibitisha kwamba kutembea ni tiba kamili, si njia ya kumtuliza mgonjwa tu.

Je, lazima kuwe na mashine na hospitali? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya watu 194 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembea nyumbani na kukutana mara moja kwa wiki kutiana moyo na kupanga malengo. Baada ya miezi sita, kundi hilo lilitembea takriban mita 42 zaidi katika dakika sita kuliko mwanzo, huku kundi jingine likirudi nyuma. Mpango kama huo unafaa mahali ambapo vyama na vikundi vya kina mama vipo tayari.

Swali la mwisho lilikuwa kama mtu anaweza kutembea polepole asiumie na bado apate faida. Jaribio la watu 305 lililochapishwa mwaka 2021 lilijibu. Waliotembea kwa mwendo unaoleta maumivu waliongeza zaidi ya mita 30 katika dakika sita baada ya mwaka mmoja. Waliotembea polepole bila maumivu hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo maumivu ya kigimbi yanayoisha kwa kupumzika ni sehemu ya zoezi, mradi mgonjwa amepimwa na kuruhusiwa.

JINSI YA KUFANYA

Kabla ya kuanza, mgonjwa apimwe na daktari au afisa wa kliniki, hasa moyo, shinikizo na sukari. Akisharuhusiwa, utaratibu ni huu:

1. Achague njia tambarare. Katika nyanda za Mbeere hilo si gumu. Katika miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene, uwanja wa shule baada ya masomo unafaa kuliko kilima. Kilima kinaweza kuongezwa baadaye.

2. Avae viatu vilivyofungwa, visivyobana, pamoja na soksi. Mwenye kisukari asitembee miguu mitupu wala na ndara, na akague ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.

3. Atembee kwa mwendo utakaoleta maumivu ndani ya dakika tatu hadi tano. Aendelee mpaka maumivu yawe ya kiasi cha kati au zaidi kidogo, kisha asimame au akae.

4. Apumzike mpaka maumivu yaishe kabisa, kisha aanze tena. Kutembea na kupumzika kurudiwe.

5. Wiki ya kwanza, dakika za kutembea zifikie 15 hadi 20 kwa siku ya zoezi. Kila wiki ziongezwe dakika tano hivi, mpaka zifike 30 hadi 50.

6. Zoezi lifanywe angalau siku tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Umbali ukiongezeka, mwendo nao uongezwe.

7. Aandike kwenye daftari: tarehe, dakika alizotembea, na mahali maumivu yalipoanza. Mti, duka au nguzo ya stima vinatosha kuwa alama. Mgonjwa akiona kwamba maumivu yaliyoanzia dukani sasa yanaanzia kwenye lango la shule, ana ushahidi wake mwenyewe.

Faida hudumu kwa anayeendelea. Anayeacha kabisa baada ya miezi mitatu hurudi nyuma polepole. Asiyeweza kutembea kwa sababu nyingine amwone mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa mazoezi ya mikono yanayosukuma moyo pia yameonekana kuongeza umbali wa kutembea.

ASIYEPASWA KUANZA PEKE YAKE

Mtu mwenye kidonda mguuni kisichopona, kidole kilichogeuka cheusi, au maumivu ya wayo yanayomwamsha usiku na kupungua anapouning'iniza mguu kitandani, asianze zoezi hili. Hizo ni dalili kwamba mguu hauna damu ya kutosha hata wakati wa kupumzika, na akichelewa anaweza kuupoteza. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Mguu uliokuwa mzima ukiwa baridi ghafla, ukapauka, ukauma sana na kufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa chache. Asikandwe kwa maji ya moto wala dawa za kuchua. Akimbizwe hospitali mara moja.

Anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi akitembea, asimame na atafute matibabu.

ZOEZI HALIENDI PEKE YAKE

Mgonjwa wa miguu ana hatari kubwa ya mshtuko wa moyo na kiharusi, kwa sababu mishipa ni ya mwili mmoja. Kuacha sigara na ugoro ni hatua ya kwanza. Hakuna dawa inayoweza kushindana na madhara ya tumbaku kwenye ateri. Dawa za shinikizo na kisukari zinywewe kila siku kama zilivyoagizwa. Mara nyingi daktari huongeza statini ya kupunguza kolesteroli, na aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Dawa hizi zisinunuliwe kwa kukisia.

Miraa na muguka ni riziki ya familia nyingi za Meru na Embu. Hata hivyo, kathinoni iliyo ndani yake huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na kubana mishipa, na wengi hutafuna huku wakivuta sigara. Kwa mtu ambaye ateri zake tayari ni nyembamba, kuuza ni jambo moja na kutafuna ni jingine. Azungumze waziwazi na daktari wake.

Miguu ikaguliwe kila jioni: katikati ya vidole, kisigino na wayo. Asiyeona vizuri amwombe mjukuu amwangalizie. Mkwaruzo mdogo wa jembe unaweza kuwa kidonda cha miezi.

PA KUANZIA

Tangu mwaka 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa vifaa vya kupima shinikizo na sukari nyumbani. Mkazi anaweza kumwambia mhamasishaji wa kijiji chake kuhusu maumivu hayo, kisha akaenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wanaohitaji uchunguzi zaidi hutumwa hospitali za rufaa zilizoko miji ya Meru na Embu. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hufanywa kwa simu kupitia *147#.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA CHAMA AU BARAZA

1. Kwa nini mgonjwa hutembea mbali zaidi baada ya mazoezi ilhali ateri bado ni nyembamba? Jibu: mishipa midogo hufunguka na huweza kuongezeka, misuli hutumia oksijeni vizuri zaidi, na mwendo huwa mwepesi.

2. Shinikizo la mkono ni 150 na la kifundo ni 90. Jibu la kipimo ni ngapi, na lina maana gani? Jibu: 0.60, ateri za mguu zimekuwa nyembamba na mgonjwa anahitaji matibabu.

3. Mama ana kisukari, na ana kidonda kwenye kidole cha mguu kwa wiki tatu. Aanze kutembea kesho asubuhi? Jibu: hapana. Aende hospitali siku hiyohiyo, na kutembea kutafuata daktari akisharuhusu.